Je, Wajua? Kufuga Sisimizi Wakata-Majani

Je, wajua kwamba anayefuga sisimizi wakata-majani nyumbani kwake anafuga kuvu kwanza? Kuvu ikifa, kundi zima limekwisha. Sisimizi wakipungua hata nusu, na kuvu ikabaki nzima, kundi linaweza kurudi. Shika hilo tangu sasa, maana karibu kila tatizo la mfugaji linaanzia hapo.

Je, wajua kwamba majani wanayoyabeba hawayali? Sisimizi mzima hufyonza utomvu wakati wa kukata na kutafuna, na sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka huko. Jani lenyewe husagwa likawa rojorojo, likatonewa kinyesi, kisha likapandikizwa vipande vya kuvu juu yake. Kuvu hiyo wataalamu huiita Leucoagaricus gongylophorus. Ncha za nyuzi zake huvimba zikawa vifundo vidogo vyeupe, vimejaa wanga na mafuta. Ndicho chakula cha mabuu, asubuhi, mchana na jioni.

Na kile kinyesi? Si uchafu hata kidogo. Sisimizi akila kuvu, vimeng'enya vya kuvu hiyo hupita tumboni bila kusagwa, vikatoka upande wa pili vikiwa na nguvu zilezile, tayari kuanza kulilainisha jani jipya. Kuvu inajitengenezea dawa ya kulainisha chakula chake, halafu inaisafirisha kupitia utumbo wa mfanyakazi wake. Mimi hapa huwa najiuliza nani hasa anamfuga mwenzake.

Je, wajua kwamba Afrika hawapo? Kwao ni Amerika tu, kuanzia majimbo ya kusini ya Marekani kama Texas, Louisiana na Arizona, mpaka Argentina. Brazili huwaita saúva, Trinidad bachac, Amerika ya Kati zompopo. Wanaojulikana zaidi ni wa jenasi mbili, Atta na Acromyrmex. Ukishindwa kuwatofautisha, hesabu miiba ya mgongoni: Atta ana jozi tatu, Acromyrmex jozi nne.

Je, wajua wameanza kulima lini? Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2024 uliuweka mwanzo wa kilimo cha kuvu cha sisimizi kwenye miaka milioni 66 hivi iliyopita, majira yale kimondo kilipoipiga dunia na dinosaria wakatoweka. Jua lilizibwa na vumbi, mimea ikafa, na kuvu zikastawi juu ya kila kilichooza. Wakata-majani wenyewe walitokea baadaye sana katika ukoo huo. Binadamu tangu ashike jembe hajafikisha hata miaka elfu kumi na tano.

Je, wajua kwamba wataalamu walichelewa kuamini? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba majani huliwa, au hutumika kuezeka chumba. Mwaka 1874 Thomas Belt, mhandisi wa migodi kutoka Uingereza aliyesimamia machimbo ya dhahabu ya Chontales, Nikaragua, alichapisha kitabu na ndani yake akaandika kwamba amefukua viota vyao na anaamini majani ni mbolea ya kuoteshea kuvu. Belt hakuwa mpenzi wa sisimizi hawa. Walikuwa wakiimaliza bustani yake, naye akiwamwagia asidi ya kaboliki kwenye mashimo. Miaka 19 baadaye, mwaka 1893, Mjerumani Alfred Möller, aliyefanya kazi Blumenau kusini mwa Brazili, ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba Belt alikuwa sahihi.

Huyohuyo Belt ameacha kisa ambacho kila mfugaji angepaswa kukisoma kabla ya kununua kasha la kufugia. Njia ya sisimizi ilikatiza reli ya vigari vya mgodi, na vigari vikawa vinawaponda. Baada ya muda akakuta wamechimba vijia chini ya kila reli. Akaviziba kwa mawe. Sisimizi hawakurudi kukatiza juu ya reli. Walichimba vijia vingine.

Je, wajua kwamba malkia huondoka kwao na mbegu mdomoni? Chini ya kinywa chake kuna kifuko, na kabla ya kuruka kwenda kupandwa hutia humo donge dogo la kuvu ya mama yake. Siku hiyo moja hupandwa na madume kadhaa na kuhifadhi mbegu zao, zaidi ya milioni 200 kwa Atta, ambazo atazitumia maisha yake yote. Maisha yenyewe yanaweza kupita miaka kumi. Hatapandwa tena. Madume hufa muda mfupi baadaye.

Akitua, hukata mabawa, huchimba shimo, hujifungia ndani na kutema lile donge. Malkia wa Atta hali chochote kutoka nje mpaka watoto wa kwanza wakue. Huishi kwa akiba ya mwili wake na ile misuli ya mabawa asiyoihitaji tena, akila pia sehemu kubwa ya mayai anayotaga. Mengine huwalisha mabuu. Kuvu hairutubishi kwa majani, kwa sababu majani hana. Hukata kibonge cha kuvu, akakitonea kinyesi, akakirudisha mahali pake. Malkia wa Acromyrmex ni tofauti. Yeye hutoka mwenyewe kutafuta majani, jambo linalomweka hatarini porini lakini linampa nafuu mfugaji, maana anaweza kumsaidia.

Wangapi hufaulu? Katika hesabu moja iliyofanyika Brazili, kati ya makundi mapya 13,300 ya Atta capiguara, yaliyokuwa hai baada ya miezi mitatu yalikuwa 12.

Je, wajua kwamba sebuleni harusi hiyo ya malkia kuruka na kupandwa haifanyiki? Inahitaji anga, mvua ya kwanza na madume ya vichuguu vingine vilivyoamka saa ileile. Kwa hiyo, kwa kawaida, kila kundi linalouzwa Ulaya limetokana na malkia aliyeokotwa au kufukuliwa porini, mara nyingi Trinidad au Amerika ya Kusini. Muuzaji akikwambia "amezalishwa hapahapa", maana yake huwa ni watoto. Mama alikuja kwa ndege.

Sasa tuingie kwenye kasha. Ujerumani na Uingereza yapo maduka yanayouza sisimizi na vyombo vyao, na mpango wa kawaida ni makasha matatu yaliyounganishwa kwa mirija: la kuvu, la malisho na la takataka. La kuvu ndilo roho ya mambo yote. Linatakiwa liwe na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na unyevu mkubwa mno, wengi wakilenga asilimia 90. Chini huwekwa punje za udongo wa kuchoma, au sakafu ya jasi iliyoloweshwa, ili hewa ibaki mbichi bila maji kuigusa kuvu. Anayenyunyiza maji moja kwa moja juu ya kuvu anaiozesha. Mkeka wa joto huwekwa ubavuni, kwa sababu ukiwekwa chini hukausha sakafu na kuyapandisha maji yakadondoka kutoka kwenye kifuniko. La malisho liwe kavu zaidi, na lisiwe dogo.

Utajuaje kwamba shamba lina afya? Lina rangi ya kijivu inayokaribia weupe, limejaa vitundu kama sifongo, na juu yake kuna ukanda wa kijani wa majani mapya. Majani mapya hupandwa juu, na yaliyokwisha kazi hutolewa chini. Sehemu ikigeuka kahawia na kulegea upande wa juu, mfugaji asingoje kesho.

Je, wajua kwamba mfugaji hushinda anatafuta majani wakati wa baridi? Januari miti mingi ya Ulaya haina kitu. Kinachowaokoa wengi ni blakiberi ya vichakani, ambayo hubaki na majani hata theluji inapoanguka. Kiangazi wanapata mawaridi na mwaloni. Petali za waridi wanazipenda, na huchukua pia oti kavu, maganda ya chungwa na vipande vya tufaha. Maua ya dukani ni sumu tupu kwa kazi hii, hata yakioshwa, kwa sababu ya dawa za kuua wadudu na za kuua kuvu. Dawa ya kuua kuvu ndiyo mbaya kuliko zote. Sisimizi haimdhuru, anaibeba mwenyewe mpaka shambani.

Hapo kuna jambo linalonistaajabisha kuliko yote. Watafiti waliwapa sisimizi majani yaliyotiwa kemikali ya kuua kuvu, kemikali ambayo sisimizi hawezi kuinusa. Siku ya kwanza waliyabeba kama kawaida. Baada ya kama siku moja hivi wakayakataa, na si hayo tu: waliukataa mmea wa aina hiyo hata ulipokuwa safi, na msimamo huo ukadumu kwa wiki nyingi. Kuvu iliyougua shambani iliwafikishia habari wakataji walioko njiani. Kwa hiyo mfugaji asishangae sisimizi wake wakisusa mawaridi ghafla. Ajiulize aliwapa nini wiki iliyopita.

Je, wajua kwamba Acromyrmex aliyejipaka unga mweupe kifuani haumwi? Wanaoanza kufuga huingiwa na hofu wakidhani ni ukungu. Huo unga ni bakteria, Pseudonocardia, nao hutengeneza antibiotiki. Kazi yao ni kupambana na Escovopsis, kuvu kimelea inayoishi kwa kuila kuvu ya sisimizi, na ambayo inaweza kulimaliza shamba. Cameron Currie na wenzake ndio walioieleza vita hiyo mwaka 1999. Atta hana unga huo. Yeye hutegemea majimaji ya tezi zilizoko ubavuni mwa kifua, na usafi usiokoma.

Mwaka 2020 ikagundulika pia kwamba Acromyrmex echinatior amevaa deraya ya madini, kalisaiti yenye magnesiamu nyingi, juu ya gamba lake. Hakuna mdudu mwingine mzima aliyekuwa amejulikana kuwa na kitu hicho.

Je, wajua kwamba jalala lao lina wakazi wake? Katika utafiti wa Adam Hart na Francis Ratnieks wa Chuo Kikuu cha Sheffield kuhusu Atta, wafanyakazi wa jalalani walijitenga na wenzao, na waliojaribu kurudi upande wa kuvu walishambuliwa. Ukatili? Pengine. Lakini jalalani ndiko kuna Escovopsis na kila ugonjwa. Mfugaji naye afuate utaratibu huohuo: kijiko cha kutolea takataka kisiguse kasha la kuvu.

Je, wajua kwamba meno yao yana madini ya zinki, na bado huisha? Robert Schofield na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha mwaka 2011 kwamba sisimizi mwenye meno yaliyochakaa hukata kwa kasi ndogo mno, karibu nusu ya mwenye meno mapya. Hafukuzwi kazi. Huhamia kubeba vipande vilivyokatwa na wenzake. Na anapokata jani, sisimizi hutikisa tumbo lake likatoa mlio mwembamba. Mtikisiko huo hupita kwenye jani na kuwaita wengine waje, hasa jani likiwa zuri.

Wale wadogo kabisa wanaopanda juu ya kipande cha jani kinachobebwa hawajapewa lifti ya bure. Ni walinzi. Kuna nzi wadogo wanaovizia kutaga yai kwenye mwili wa mbebaji, na mbebaji mdomo wake umejaa.

Je, wajua kwamba kundi linajua ukubwa wake? Mwaka 1983 Edward O. Wilson wa Harvard alichukua makundi ya Atta cephalotes yenye miaka mitatu na minne, yenye watu wa kila kimo mpaka askari wenye vichwa vikubwa, akayapunguza yakabaki na wafanyakazi 236 kila moja. Malkia alikuwa yuleyule, na umri wake uleule. Lakini uzao uliofuata ulikuwa wa vimo vya kundi changa, wadogo wengi na askari hamna. Askari ni gharama, na kundi dogo haliwezi kuilipa. Mfugaji aliyepoteza karibu kundi lake lote kwa ajali asisubiri askari, atarudishiwa utoto.

Tuseme la kutoroka, maana wenzi wa ndoa wa wafugaji huuliza hilo kabla ya yote. Kuta za kasha la malisho hupakwa kimiminika kitelezi cha aina ya teflon, au poda iliyokorogwa na spiriti ikaachwa ikauke. Unyevu ukipanda, poda hiyo haishiki. Mpira laini, silikoni na wavu wa nailoni hutafunwa. Wavu wa chuma ndio jibu. Wakitoka hawatakuuma usingizini kama siafu, ila mimea yako ya dirishani usiitarajie asubuhi, na askari wa Atta akikung'ata anachana ngozi mpaka damu.

Je, wajua kwamba wanaojua huanza na Acromyrmex? Kundi lake huishia maelfu au makumi ya maelfu. Atta porini hufika mamilioni. Kiota kimoja cha Atta sexdens kilichofukuliwa Brazili, chenye umri wa miaka sita na ushee, kilikuwa kimetoa udongo wa tani 40 hivi. Nyumbani hukua kadiri ya makasha na majani unayotoa, na mfugaji mwenye akili huacha kuongeza kasha. Jumba la makumbusho la historia asilia la New York lilipofungua ukumbi wake mpya wa wadudu mwaka 2023, liliweka sisimizi wakata-majani wapatao 500,000. Hao wana mishahara ya watu nyuma yao. Wewe una mapumziko ya Jumamosi.

Na safari? Usiniulize. Wiki mbili bila mtu wa kuleta majani ni wiki mbili kuvu ikifunga.

Je, wajua kwamba Marekani, ambako baadhi yao ni wenyeji, kuwasafirisha kutoka jimbo hadi jimbo kunahitaji kibali cha wizara ya kilimo? Sababu haina siri. Kwenye misitu ya kitropiki ya Amerika imekadiriwa kwamba Atta huondoa kati ya asilimia 12 na 17 ya majani yanayozalishwa. Mchungwa mmoja wanaweza kuunyoa kwa usiku mmoja. Msomaji wa Mombasa, Morogoro au Kampala anayetamani kuagiza malkia kwa posta, namwambia wazi: usifanye hivyo. Huku kuna joto, kuna mvua, kuna michungwa na mikahawa, na hakuna nzi wao wala adui yao mwingine waliyekua naye. Ulaya baridi ndiyo mlinzi wa mwisho. Sisi hatuna mlinzi huyo.

Na mkulima wa kuvu tunaye wetu, tena wa zamani. Mchwa wa jenasi ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu virefu, hulima kuvu ya Termitomyces ndani ya ardhi, na uyoga unaochomoza kwenye vichuguu baada ya mvua, ule unaogombewa sokoni, ni wa kuvu hiyohiyo. Mwaka 2016 watafiti walieleza mabaki ya mashamba ya mchwa yaliyogeuka mawe katika Bonde la Rukwa, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mchwa hakujifunza kwa sisimizi, wala sisimizi kwa mchwa. Kila mmoja alilianza lake, bara lake.

Je, wajua kwamba mchezo huu wa kufuga umeshafika mahakamani Kenya? Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000, wengi wao Messor cephalotes, wamepangwa kwenye vijirija 2,244 vyenye pamba mbichi ya kuwaweka hai safarini. Hao si wakata-majani. Ni wavunaji wa mbegu za nyasi, wakubwa na wekundu, na ndiyo maana wanatamaniwa. Wengine wawili, Mkenya na Mvietinamu, walishtakiwa kwa kesi ya namna hiyohiyo. Mei 7 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Wako waliocheka kwamba Shirika la Wanyamapori, lililozoea kesi za pembe za ndovu, sasa linahesabu sisimizi. Lakini ukimtoa malkia umetoa kichuguu kizima ambacho kingetokana naye, na kila malkia angeuzwa Ulaya kwa pesa ya kumlipa kibarua wa shamba kwa muda mrefu.

La mwisho, la tumboni. Katika jimbo la Santander nchini Kolombia, mvua za masika zikishuka na malkia wa Atta laevigata wakitoka kuruka, watu huacha shughuli wakaenda na ndoo na mabuti. Huwaita hormigas culonas, sisimizi wenye matako makubwa, na hawaoni haya kulitamka. Hukatwa mabawa na miguu, huloweshwa kwenye maji ya chumvi, kisha hukaangwa mpaka wakakamae, wakauzwa kwa vipakiti kando ya barabara. Oaxaca, Meksiko, jamaa zao husagwa na pilipili wakawa mchuzi. Wa Kagera na Kakamega waliokulia kwenye kumbikumbi hawahitaji kuelezwa zaidi.